Kivuli Ndiyo Studio: Picha za Harusi Makumbusho Msimu wa Kaskazi

Saa tisa alasiri, Jumamosi ya Februari. Msafara umetoka kanisani, matarumbeta yanalia juu ya pikapu, na gari la maharusi linakunja kuingia Mtaa wa Shaaban Robert. Bibi harusi anatoka kwenye kiyoyozi na kukanyaga lami inayofuka joto. Matroni anadaka mkia wa shela. Bwana harusi anachomoa leso iliyokuwa pambo la koti na kujifutia jasho. Shangazi wa upande wa bibi harusi ananigeukia: "Haya mwanangu, tusimame wapi?" Kabla sijafungua kinywa, nusu ya ukoo imeshajipanga katikati ya uwanja, pale jua linapopiga sawasawa, kwa imani ya siku nyingi kwamba picha nzuri inataka mwanga mwingi.

Jibu langu halijabadilika kwa miaka yote niliyobeba kamera kutoka kibanda changu cha Kariakoo: kivulini, shangazi.

Nataka kueleza sababu za jibu hilo, kwa sababu harusi nyingi za mjini hupoteza picha zake bora katika saa mbili kati ya kanisa na ukumbi. Kamati imechangisha, keki imelipiwa, MC ameshapewa ratiba, lakini hakuna aliyekaa kuuliza jua litakuwa wapi saa kumi. Hapa kwetu swali hilo lina uzito kuliko aina ya kamera.

Mahali penyewe

Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni yako katikati ya jiji la Dar es Salaam, jirani na Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Jengo la zamani lilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la King George V Memorial Museum. Majengo mengine yakaongezwa baada ya uhuru. Humo ndimo lilimo fuvu la Zinjanthropus, lililovumbuliwa na Mary Leakey kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75. Humo mna vyombo vilivyofukuliwa Kilwa, vinyago vya Kimakonde, na michoro ya wasanii wetu, ikiwemo ile ya Tingatinga iliyoanzia mikononi mwa Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960.

Maharusi wanapapenda kwa sababu ambazo naziona ni za haki. Pako karibu na makanisa makubwa ya mjini, Azania Front na Mtakatifu Yosefu, kwa hiyo msafara haukwami kwenye foleni ya kwenda ufukweni. Pana miti, kuta tulivu, na sehemu zenye paa. Tena pana maana: watu wawili wanaanza nyumba yao mbele ya nyumba inayotunza vitu vya taifa zima. Jambo la kwanza ni kibali. Mwenye harusi au mpigapicha aende ofisini wiki kadhaa kabla, aulize ada, saa za kufunga, na kumbi zipi zinaruhusu kamera. Kufika na msafara getini na kuanza kubembeleza walinzi ni kuwadhalilisha maharusi siku yao.

Jua la utosi

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 11 Oktoba, jua la mchana hupita juu ya utosi wetu kabisa. Hata Februari na Novemba linakaa karibu na hapo. Wazee waliliita jua la utosi, na mpigapicha hawezi kupata maelezo mafupi kuliko hayo. Mwanga ukitoka utosini, paji la uso na ncha ya pua vinang'aa, macho yanazama kwenye mashimo meusi, na chini ya kidevu kunakuwa na doa kama ndevu. Bibi harusi aliyepambwa kwa saa tatu anaonekana amechoka. Wageni wanakunja nyuso. Hakuna programu ya kompyuta inayorudisha vilivyo macho yaliyofumbwa na jua.

Wenzetu wa Ulaya wanasoma kwenye vitabu kuhusu jua la jioni linalolala pembeni kwa muda mrefu. Kwetu jua linashuka karibu wima, kama jiwe. Katikati ya Februari linazama karibu saa 12:45 jioni; katikati ya Oktoba linazama mapema zaidi, karibu saa 12:15. Likishazama, baada ya dakika ishirini na kitu hakuna mwanga wa kazi. Nusu saa ya tofauti kati ya Februari na Oktoba imeshaharibu ratiba za watu waliofuata mazoea ya harusi ya mwaka uliopita.

Nina kipimo ambacho hakitaki chombo. Simama juani, tazama kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, jua bado liko juu mno, tafuta paa. Kikifikia urefu wako, jua limeteremka hadi nusu ya mbingu na linaanza kuingia machoni kwa ubavu. Kikizidi urefu wako mara tatu, umebakiwa na saa moja na ushee, na huo ndio muda mtamu. Katikati ya Februari, saa tisa jua lina nyuzi 54 kutoka upeo wa macho. Saa kumi na nusu lina nyuzi 32. Saa kumi na moja na nusu lina 18.

Wakazi wa pwani wamekuwa na kipimo hiki kwa karne nyingi bila kukihusisha na kamera. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, wakati wa Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukijumlisha na kile kivuli kidogo kilichokuwepo adhuhuri. Kwa hiyo adhana ya Alasiri inayosikika kutoka misikiti ya Kariakoo na mjini kati inamwambia mpigapicha jambo la kweli kabisa kuhusu mwanga. Mimi huwaeleza wanakamati hivi: kabla ya Alasiri tupige chini ya paa, baada ya Alasiri tunaweza kutoka ukingoni, na uwanja wa wazi tuuachie saa ya mwisho. Wakristo kwa Waislamu wananielewa papo hapo, kwa sababu saa hiyo wanaijua.

Baraza

Mwanga wa Dar mchana wa jua kali unafikia lukisi 100,000, yaani kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Ukiingia kwenye kivuli kilicho wazi kwa mbele, unabaki na kama sehemu ya kumi ya mwanga huo, na bado ni mwingi wa kutosha kwa kamera yoyote, hata ya simu. Kinachobadilika zaidi ni unakotoka. Juani unatoka kwenye tundu moja dogo la angani. Kivulini unatoka kwenye mbingu yote iliyo mbele yako, kwenye ukuta wa pili, kwenye sakafu. Unauzunguka uso na kuupapasa.

Hapa ndipo naiheshimu akili ya waliojenga mwambao huu. Baraza ya nyumba ya Kiswahili ina paa juu, ukuta nyuma, na uwazi mbele. Paa linakata jua la utosi. Uwazi unaingiza mwanga wa mbele. Sakafu ya chokaa au saruji inarudisha mwanga chini ya kidevu. Mtu akikaa barazani kupunga upepo amekaa kwenye studio bila kujua. Kila ninapofika mahali papya natafuta baraza, hata kama haiitwi hivyo: ukumbi wa mlangoni, njia iliyoezekwa, ubavu wa jengo refu.

Makumbusho hapo pana sehemu kadhaa za namna hiyo. Muweke bibi harusi hatua moja au mbili ndani ya mstari wa kivuli, atazame nje kwenye uwazi. Akisogea ndani zaidi, macho yanapoteza ile nukta ya mwanga inayoyapa uhai. Akisogea nje, jua linamgusa bega na shela inaungua, yaani inakuwa nyeupe tupu isiyo na nyuzi wala lulu. Mstari huo unahama kila dakika, kwa hiyo msaidizi wangu ana kazi moja ya kuuangalia mguuni.

Miti ni jaribu kubwa. Kivuli cha mti kina matundu, na kila tundu linamwaga doa la jua usoni. Tena majani yanageuza mwanga kuwa wa kijani, na shela nyeupe inanywa rangi hiyo kama kitambaa kinavyonywa wino. Maharusi wakitaka mti, chagua wenye majani mazito, simama ukingoni mwa kivuli chake na si shinani, kisha rekebisha mizani ya weupe kwa kupima karatasi nyeupe palepale waliposimama.

Upepo na jua vikikubaliana

Kaskazi, upepo unaovuma kati ya Desemba na Machi kutoka kaskazini-mashariki, una sifa mbaya kwa wapambaji. Unavuruga nywele na kumfunika bwana harusi uso kwa shela. Mimi nimejifunza kuupenda. Alasiri ya Februari jua liko magharibi. Upepo unatoka upande wa bahari, mashariki na kaskazini-mashariki. Basi bibi harusi akielekea upepo unakotoka, mambo mawili yanatokea kwa pamoja: shela inapeperuka nyuma yake badala ya kumfunika, na jua linakuwa mgongoni, likiwasha ule wavu wa shela kama kandili na kuchora mstari wa dhahabu mabegani.

Uso wake hapo umo kwenye kivuli cha mwili wake mwenyewe, kwa hiyo unahitaji mwanga wa kurudishwa. Tumia kiakisi cheupe au ukuta mweupe ulio mbele yake. Mara nyingi nimewapanga wajomba waliovaa kanzu wasimame nyuma yangu. Safu ya kanzu nyeupe juani inarudisha mwanga laini kuliko vifaa vingi vya dukani, na wajomba wanafurahi kuwa na kazi.

Shela nyeupe, ngozi nyeusi

Sasa tufike kwenye jambo linaloniuma. Kamera haijui kumwona mtu. Inapima mwanga na kukisia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Shela nyeupe inarudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga. Ngozi nyeusi iliyoiva inaweza kurudisha sehemu ya kumi tu. Kamera ikiona shela imejaa kwenye picha, inapunguza mwanga ili kuifanya kijivu, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Ikiona suti nyeusi na nyuso zetu, inaongeza mwanga, na shela inaungua. Mpigapicha asiyejua hili anamlaumu mpambaji, au anafanya kosa baya zaidi: anamng'arisha bibi harusi kwenye kompyuta hadi mama yake hamtambui.

Kosa hili lina historia. Tangu miaka ya 1950, maabara nyingi za kusafisha filamu duniani zilisawazisha rangi kwa kadi ya rejea yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyozoeleka kwa jina la kadi ya Shirley. Rangi zikionekana sawa kwenye ngozi yake, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi nyeusi zilitoka kama matope. Malalamiko ya wazazi wa wanafunzi weusi hayakutosha kuwasukuma watengenezaji. Waliosikilizwa ni watangazaji wa chokoleti na samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia zitofautiane. Bibi zetu wengi wameacha picha za harusi ambazo nyuso zao hazisomeki, na kosa halikuwa lao wala la mpigapicha wa mtaani pekee.

Leo kamera zina uwezo, na hatuna kisingizio. Pima mwanga usoni mwa bibi harusi, si kwenye shela. Hifadhi picha katika faili ghafi ili uwe na akiba pande zote mbili. Halafu rudi kivulini, kwa sababu juani pengo kati ya shela na uso linapanuka, na kivulini linapungua. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga mpana wa pembeni, unaopita juu ya shavu na kuacha mng'ao mrefu. Ukitupa flashi kali usoni, mng'ao huo unageuka doa la mafuta, hasa mtu akiwa na jasho. Beba karatasi za kunyonya jasho, umpe matroni, na umwombe aguse tu bila kusugua. Poda ikirundikwa juu ya jasho inakuwa jivu kwenye picha.

Kwa wanaopenda hesabu: jua kali, ISO 100, apacha f/16, shata ya 1/100 ndiyo kanuni ya zamani, na bado inafaa hapa. Ukifungua apacha hadi f/2.8 ili mandhari ya nyuma yafifie, shata lazima ipande hadi karibu 1/3200. Flashi nyingi hazikubaliani na shata iliyozidi 1/200 au 1/250, isipokuwa zile zenye mfumo wa kasi ya juu. Hiyo ndiyo sababu wengi wanaotaka flashi mchana wanajikuta kwenye f/11, kila jani la nyuma likionekana wazi na kugombania jicho na maharusi. Kivulini ugomvi huo unaisha.

Ndani, mwanga ni sumu ya polepole

Tukiingia kumbi za maonyesho, kila kitu kinageuka. Nje tulikimbia mwanga kwa ajili ya nyuso. Ndani watu wa makumbusho wanaukimbia kwa ajili ya vitu. Mwanga unakata rangi, unadhoofisha nyuzi, unaifanya karatasi kuwa ya manjano, na madhara yake hayarudi nyuma. Kwa hiyo vitambaa, karatasi na michoro ya rangi za maji kwa kawaida ya kimataifa huonyeshwa chini ya lukisi 50, na michoro ya mafuta karibu 200. Wahifadhi wanahesabu mwanga kama mwenye duka anavyohesabu deni: ukali mara saa. Kitambaa kilichoonyeshwa kwa lukisi 50, saa 8 kwa siku, siku 300, kimekula lukisi-saa 120,000. Nje kwenye jua la Dar kingekula kiasi hicho kwa saa moja na dakika kumi na mbili.

Mtu akishaijua hesabu hii haulizi tena kwa nini ukumbi una giza. Kutoka uwanjani hadi ndani ya chumba cha lukisi 50 mwanga umepungua mara 2,000. Macho yanazoea, kamera inahitaji kusaidiwa. Kwa apacha f/2.8 na shata 1/125, ISO itafika kati ya 5,000 na 6,400. Ukiwa na lenzi ya f/1.8, inashuka hadi karibu 2,000. Kamera za sasa zinaimudu kazi hiyo. Egemeza bega ukutani, omba maharusi watulie, piga mfululizo.

Flashi usiwashe bila ruhusa ya wazi. Ni kweli kwamba mmweko mmoja una mwanga mdogo sana ukilinganisha na taa zinazowaka mwaka mzima. Lakini harusi moja inapiga mamia ya mimweko, kila mgeni ana simu, na baada ya harusi hiyo itakuja nyingine. Tena ukipiga flashi mbele ya kabati la kioo, unachopata ni flashi yako mwenyewe kwenye kioo. Mwanga mdogo wa makumbusho, ukiuvumilia, unampa bibi harusi sura ambayo hakuna ukumbi wenye taa za rangi utakaompa.

Kuna pia haki ya msanii. Mchoro ulio ukutani una mwenyewe hata kama umenunuliwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Maharusi kuonekana mbele ya mchoro kwenye albamu yao ni jambo moja, mpigapicha kutumia picha hiyo kwenye tangazo la biashara ni jambo jingine. Omba kibali, taja jina la msanii.

Kiyoyozi na ukungu

Harusi moja ya Machi nilifika makumbusho kwa gari lenye kiyoyozi kikali, begi wazi miguuni. Nilipotoa kamera nje, lenzi iliota ukungu mweupe. Niliifuta, ukarudi. Niliifuta tena, ukarudi tena. Robo saa nzima bibi harusi alisimama ananingoja, na mwanga wa jioni ile haukuningoja.

Sababu yake ni ileile inayofanya glasi ya maji ya baridi kutoa jasho. Hewa yetu ya kaskazi ina mvuke mwingi, na ikigusa kitu chenye baridi inauacha mvuke huo uwe maji. Kufuta hakusaidii mpaka kioo kipate joto. Dawa yake ni kufunga kamera ndani ya begi lililozibwa kabla ya kuingia kwenye baridi, kisha kuiacha ndani ya begi hilo nusu saa baada ya kutoka, ili ipate joto taratibu. Siku hizi begi langu linasafiri kwenye buti la gari. Unyevu huohuo ukikaa kwenye lenzi wiki nyingi unaotesha kuvu, nayo inakula kioo; vifuko vya kunyonya unyevu vinauzwa kwa bei ndogo, viwekwe begini na vibadilishwe.

Kariakoo kabla na baada

Harusi ya makumbusho inaanzia Kariakoo. Shela imekodiwa huko, suti imepunguzwa kiuno huko, riboni za gari na vitenge vya sare vimenunuliwa huko. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza cha Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo mtaa huo unabeba mizigo ya jiji zima. Soko kuu, lililojengwa miaka ya 1970 kwa ubunifu wa Beda Amuli, lina paa la zege la mfano wa miavuli mikubwa. Nikilitazama namwona msanifu aliyeelewa kwamba katika mji huu kazi ya kwanza ya jengo ni kumpa mtu kivuli.

Baadhi ya maharusi huniomba picha chache katika mitaa ya maduka ya vitambaa, na ninakubali kwa moyo mweupe. Magorofa marefu kwenye mitaa myembamba yanatupa kivuli upande mmoja na kurudisha mwanga kutoka upande wa pili. Angalia kitu kimoja: maturubai. Turubai la bluu juu ya meza ya machinga linampaka bibi harusi bluu usoni, na mwavuli mwekundu unampaka wekundu. Hakuna rangi ya ngozi inayosalimika hapo. Sogea hatua tatu hadi kwenye ukuta mweupe au wa krimu. Halafu msalimie mwenye meza, mwombe nafasi, na mnunulie kitu. Umesimama kwenye riziki yake.

Mahali pana wenyewe

Katika viwanja vya makumbusho kuna kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu la tarehe 7 Agosti 1998, lililolipuka kwenye ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam siku moja na lile la Nairobi. Hapa walikufa watu 11. Miaka yangu ya mwanzo niliwahi kuwapanga maharusi pale, wakicheka, kwa sababu nilipaona patulivu na penye mwanga mzuri. Mzee mmoja alinijia, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini pale ni mahali pa nini. Hakunifokea. Niliona haya ambayo bado ninayo. Tangu siku hiyo natembelea mahali bila kamera kabla ya harusi, nasoma kila kibao, nauliza.

Adabu hiyo inawahusu walio hai pia. Kwenye harusi zetu kuna mama aliyevua mtandio kwa sababu yuko na wanawake wenzake, kuna bibi asiyetaka sura yake izunguke mitandaoni, kuna watoto. Uliza kabla ya kupiga, uliza tena kabla ya kurusha. Mikusanyiko ya wanawake iachiwe wapigapicha wanawake, na tunao wenye uwezo mkubwa.

Picha ikishachapwa

Makumbusho yanatufundisha jambo la mwisho. Kupata kitu ni nusu ya kazi. Faili za harusi ziwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa katika nyumba nyingine kabisa. Simu huibiwa na diski hufa. Kisha chapeni. Kule Mji Mkongwe wa Unguja, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe Rohit imeonyesha picha iliyochapwa na kutunzwa inaweza kuishi miaka mingapi: watu wanaingia leo na kukutana na mitaa na nyuso za enzi za babu zao. Albamu isikae kwenye sanduku lenye unyevu, na picha ya fremu isigusane na kioo, maana kwa joto letu itagandana nacho.

Na ile kubwa ya sebuleni? Maharusi wengi huitundika mkabala na dirisha, ili kila mgeni aione vizuri. Nawaomba wakae waone jua la asubuhi linaangukia wapi. Tuseme linaipiga picha saa moja tu kila siku, tena kwa nusu ya ukali wa jua la mchana. Kwa mwezi mmoja picha hiyo itakuwa imekula mwanga mwingi kuliko kitambaa cha makumbusho kwa miaka 12. Shela itageuka manjano, wekundu wa maua utapauka, na nyuso tulizohangaika kuzipata zitaanza kuondoka, mwezi baada ya mwezi, bila mtu kuona.

Kwa hiyo siku ninapopeleka fremu, na wakiniuliza tuitundike wapi, nawapa jibu lilelile nililompa shangazi yao.